Sura ya Tano: Kinu na Lori

Ukipitisha mkono nyuma ya friza inayogandisha maji, unakutana na joto la kukufanya uurudishe upesi. Mimi nilifanya hivyo Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, katika kibanda cha bati kilicho kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Mbele, mama mwenye kibanda alikuwa akiwatolea wanafunzi barafu za ubuyu. Chini ya barafu hizo zililala chupa za maji yaliyoganda, ambazo wachuuzi wa samaki huzichukua alfajiri wakishuka mwaloni. Nyuma, mabomba meusi membamba yaliyokunjwakunjwa yalikuwa yamefunikwa na vumbi lililoshikamana na manyoya ya pamba. Msimu wa pamba Simiyu hauishii shambani. Unaingia hadi mgongoni mwa friza.

Fundi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufunga kompresa nyingine. Akamweleza mama kwamba hii ni nzuri, ina moja nukta tatu: kwa kila uniti moja ya LUKU inayotumia, inaondoa kwenye maji joto la uniti moja nukta tatu.

Mama akafunga mfuniko wa friza, akaegemea juu yake. "Fundi, mimi nimenunua uniti moja. Hiyo nukta tatu ya juu anailipa nani?"

Binti yake wa kidato cha pili, aliyekuwa akihesabu chenji, akadakia: "Na sisi darasani tumefundishwa mashine haivuki mia, mama. Ufanisi ukifika asilimia mia umefika mwisho."

Fundi akanitazama mimi. Nilikuwa na jibu, lakini si katika Kiswahili cha kumtosha mama yule kwa muda ule, wateja wakiwa wamesimama mlangoni. Sura hii ni deni langu kwake. Maana siku ile wote watatu walisema kweli: binti hakukosea, fundi hakudanganya, na mama aliuliza swali lenyewe hasa.

Tuanzie jikoni, kwenye mafiga. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina nishati ya kilojuli 16,000 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na nyuzijoto 25 kunataka kilojuli 300 hivi. (Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo ukanda ule maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, hayangoji 100.) Laiti moto wote ungeingia sufuriani, kilo hiyo moja ingechemsha lita zaidi ya 50. Kwa mafiga matatu yaliyo wazi, shukuru ukipata lita nane. Joto lililobaki limeondoka na moshi, limepasha mawe, limepeperushwa na upepo, limemchoma usoni anayepuliza. Kati ya sehemu 100 za moto, sufuria imepata 15. Huo ndio ufanisi: gawanya ulichokitaka kwa ulichokitoa. Na kwa kuwa nishati haizaliwi njiani, jibu halivuki asilimia 100 kamwe.

Ndivyo ilivyo kwa injini zote zinazokula moto ili zitoe kazi. Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen, iliyoanza kuvuta maji kwenye migodi ya Uingereza mwaka 1712, iligeuza kuwa kazi kiasi kisichofika hata sehemu moja katika 100 za makaa iliyochoma. Injini ndogo ya dizeli inayozungusha mashine ya kusaga mahindi kijijini leo hugeuza robo hadi theluthi. Kilichobaki kinatoka kwenye bomba la moshi na kwenye rejeta, na mwenye mashine amekilipia.

Mkazi wa Simiyu nitamweleza hivi. Injini ni kinu cha kuchambua pamba. Unaingiza kilo 100 za pamba mbegu, unatoka na nyuzi kilo 35 hivi, kilichobaki karibu chote ni mbegu. Ukiboresha misumeno na ukaajiri watu makini, utapata kilo mbili tatu zaidi, lakini hakuna kinu duniani kitakachokupa kilo 130 za nyuzi kutoka kwenye kilo 100 za pamba. Atakayekuahidi hivyo, mtilie shaka na mizani yake. Tofauti ni kwamba mbegu za pamba zina wateja, zinakamuliwa mafuta na mashudu yanaliwa na ng'ombe, ilhali joto linalotupwa na injini mara nyingi halina mnunuzi.

Sasa tazama lori linalochukua marobota kinuni hapo na kuyapeleka Dar es Salaam. Linatia dizeli, linabeba tani kwa tani. Uzito wa mzigo ni mara nyingi uzito wa mafuta yaliyochomwa. Umewahi kumsikia mtu akishangaa kwamba lita za dizeli zimezaa tani za pamba? Hakuna anayeshangaa, kwa sababu kila mtu anajua pamba ilikuwapo kabla ya lori kufika. Dizeli ilikuwa gharama ya safari.

Friza ni lori. Hapo ndipo ilipo nukta tatu ya mama.

Lugha yetu inatuponza kidogo katika jambo hili. Tunasema friji "inatoa baridi", kama vile jiko linavyotoa joto, na kwa kusema hivyo tunaipa friji kazi isiyoifanya. Baridi haitengenezwi. Maji ya bomba ya nyuzi 25 yana joto tele ndani yake, na barafu inapatikana joto hilo likiondolewa. Gesi iliyomo kwenye mabomba ya ndani inachemka katika ubaridi mkubwa, na kama kitu chochote kinachochemka, inavuta joto kutoka kwenye kilicho jirani, nacho ni chupa za maji. Kompresa inaivuta gesi hiyo, inaikandamiza, nayo inapanda moto. Ikifika kwenye mabomba meusi ya nyuma inakuwa na joto kuliko hewa ya kibandani, kwa hiyo inalimwaga joto humo na kugeuka kimiminika. Kisha inapitishwa kwenye bomba jembamba sana, shinikizo linashuka, ubaridi unarudi, na safari inaanza upya. Umeme haukugeuzwa kuwa baridi mahali popote. Umeme ulilipa nauli.

Hesabu yake inakubali bila uniti kupotea wala kuzaliwa. Uniti moja ni kilojuli 3,600. Kwa kompresa ya moja nukta tatu, joto linalobebwa kutoka kwenye maji ni kilojuli 4,680. Nyuma ya friza yanatoka yote mawili, joto la maji pamoja na umeme wenyewe uliogeuka joto: kilojuli 8,280, yaani uniti mbili nukta tatu. Ndilo lililonichoma kiganja. Binti atulie, hakuna sheria iliyovunjwa. Alichofundishwa ni sheria ya kinu, na hapa tuko kwenye mizani ya lori.

Mizani hii ya pili ina jina lake. Wahandisi duniani wanaiandika kwa herufi tatu, COP, nami nitaiita uwiano wa utendaji: gawanya joto lililobebwa kwa kazi iliyotumika kulibeba. Haiandikwi kwa asilimia, na hilo lina sababu. Asilimia inamdanganya msomaji afikiri kuna jumla ya 100 inayogawanywa, ilhali hapa kilicho juu ya mstari na kilicho chini yake ni vitu viwili tofauti. Anayeandika "ufanisi wa asilimia 130" kwenye tangazo la friji hajasema uongo wa hesabu, ila amechanganya mizani, na mteja ndiye anayebaki na swali.

Kupata barafu kwa uniti moja ni hesabu nyepesi. Kushusha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi sifuri ni kuondoa kilojuli 105. Kuyagandisha yakiwa palepale kwenye sifuri ni kuondoa 334 nyingine. Sehemu kubwa ya gharama iko hapo, ambapo kipimajoto hakisogei hata kidogo. Jumla ni 439. Kompresa ya mama kwa uniti moja ingegandisha kilo kumi na kidogo, kama friza isingevuja na mfuniko usingefunguliwa. Nayo kilo moja ya barafu, ikiyeyuka, inatosha kushusha hadi sifuri zaidi ya kilo tatu za sangara waliotoka majini wakiwa na nyuzi 25, kama lisingekuwapo jua la kupigania njiani.

Hapo umefika mahali ninapopapenda kuliko pote katika somo hili. Kinu na lori, ingawa vinapimwa kwa mizani mbili, vinatawaliwa na kitu kimoja, na kitu hicho kinavitendea kinyume.

Mwaka 1824 mhandisi kijana wa jeshi la Ufaransa, Sadi Carnot, akiwa na miaka 28, alichapisha kijitabu kuhusu nguvu ya moto. Wakati wake hakikusomwa na wengi, na mwaka 1832 kipindupindu kilimuua. Alikuwa amelifananisha joto na maji yanayoporomoka. Gurudumu la maji hupata nguvu kwa sababu maji yanashuka kutoka juu kwenda chini. Injini nayo hupata nguvu kwa sababu joto linashuka kutoka penye moto kwenda penye ubaridi. Poromoko likiwa refu, nguvu inakuwa nyingi. Wala haijalishi injini imeundwa kwa chuma gani au inatumia mvuke au hewa. Pengo la joto peke yake limeshaweka dari ambayo hakuna fundi atakayeitoboa.

Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, wanaijua dari hiyo. Mtambo wa kwanza wa kuzalisha umeme kwa jotoardhi ulianza kazi huko mwaka 1981. Mvuke wa ardhini hauna ukali wa moto wa gesi. Mvuke ukiwa wa nyuzi 150 na ukatoka kwenye nyuzi 40, kwa kipimo cha Kelvin (jumlisha 273) ni 423 na 313. Pengo ni 110. Ligawanye kwa 423, unapata asilimia 26. Hiyo ndiyo dari, na mitambo ya aina hiyo kwa kawaida hufikia nusu yake tu. Si uzembe wa wahandisi wa Kenya. Pengo ndilo dogo, na mvuke wenyewe hauchomi dizeli ya mtu.

Friji ni Carnot aliyegeuzwa kichwa chini. Hapa joto halishuki, linapandishwa. Yeyote anayepanga kuyatoa maji Ziwa Victoria na kuyasukuma hadi Bariadi anajua kwamba pampu haiulizi ndoo ngapi peke yake. Inauliza pia ni mwinuko gani na umbali gani. Pengo ambalo kwa injini ni neema, kwa friji ni adhabu. Dari ya friji unaipata kwa kugawanya ubaridi wa ndani kwa pengo lenyewe, na pengo likipungua, dari inapanda.

Turudi kibandani. Ili maji yagande vizuri, tuseme mabomba ya ndani yanafanya kazi kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, yaani 248 za Kelvin. Hewa ikiwa na nyuzi 28 na mabomba ya nyuma yakiwa safi, yatakuwa na nyuzi 45 hivi, yaani 318. Pengo ni 70. Gawanya 248 kwa 70: tatu nukta tano. Sasa lete saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari, hewa ifike nyuzi 38, vumbi lizuie upepo usipite kwenye mabomba, nayo yapande hadi nyuzi 58. Pengo linakuwa 83, na dari inashuka hadi tatu kamili. Na adhabu haiji peke yake. Joto linalopenya ukutani kuingia ndani ya friza nalo linaongezeka. Kama ndani ni nyuzi 18 chini ya sifuri, tofauti ya ndani na nje imetoka 46 ikawa 56. Mzigo umeongezeka kwa zaidi ya tano moja, na nauli ya kila kilo ya mzigo imepanda karibu hivyohivyo. Zidisha hayo mawili: kuilinda barafu ileile isiyeyuke kunataka umeme unaouzidi ule uliotosha kwenye kivuli kwa zaidi ya asilimia 40. Kompresa haijabadilika. Kilichobadilika ni bati na vumbi.

Mtu atauliza: kama dari ni tatu nukta tano, mbona kompresa mpya ina moja nukta tatu tu? Swali hilo linaziunganisha mizani zetu mbili. Gawanya 1.3 kwa 3.5, unapata asilimia 37. Hiyo sasa ni asilimia halali, isiyoweza kuvuka 100, kwa sababu inalinganisha lori halisi na lori bora kabisa linaloruhusiwa na maumbile kwa mlima uleule. Moja nukta tatu inakuambia umebeba kiasi gani kwa uniti. Asilimia 37 inakuambia mtengenezaji amebakiza nafasi kiasi gani ya kufanya vizuri zaidi. Natamani namba zote mbili zingebandikwa mlangoni mwa kila friji inayouzwa nchini.

Zilizopo madukani zinachanganya vya kutosha. Kiyoyozi kinachoitwa sokoni "hosipawa moja na nusu" kwa kawaida kina BTU 12,000 kwa saa, ambazo ni kilowati tatu nukta tano za joto linalotolewa chumbani. Kinatumia, tuseme, kilowati moja nukta moja za umeme. Uwiano wake wa utendaji ni tatu nukta mbili. Lakini kwenye lebo ya kingine utakuta EER 10, na muuzaji atakuambia kwa moyo mweupe kwamba kumi ni kubwa kuliko tatu. EER ya mtindo wa Marekani inagawanya BTU kwa wati, vipimo viwili vya ukoo tofauti. Igawanye hiyo 10 kwa 3.41 na unapata mbili nukta tisa. Kile cha tatu nukta mbili kilikuwa bora. Na hata namba za aina moja zimepimwa kwenye joto fulani la nje. Nyumba yako ikiwa na joto zaidi, utapata pungufu.

Wala usilinganishe friza na kiyoyozi ukadhani friza imetengenezwa vibaya. Kiyoyozi kinapandisha joto kilima kifupi, kutoka chumba cha nyuzi 25 kwenda barazani. Friza inalipandisha kutoka kwenye barafu.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba asilimia 100 ndiyo heshima ya juu. Hita ya kuogea inageuza karibu umeme wake wote kuwa joto ndani ya maji, na kwa mizani ya kinu imefaulu mtihani kwa alama zote. Lakini mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye dunia ilimwita Lord Kelvin, alionyesha kwamba mashine inayochota joto kwenye hewa ya nje na kulipandisha ndani ya nyumba ingepasha nyumba kwa mafuta machache kuliko kuyachoma moja kwa moja. Mashine ya kupasha maji inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, yenye uwiano wa tatu, inakupa ndoo tatu za moto kwa umeme ambao hita ile kamilifu ingepasha ndoo moja. Aliyefaulu kwa mia ameshindwa, kwa sababu alichagua kugeuza umeme badala ya kubebesha joto.

Hata mnyororo mzima ukiuhesabu, ubebaji unaokoa. Tuseme mtambo wa gesi asilia unageuza nusu ya moto wake kuwa umeme. Sehemu 100 za moto zinakuwa 50. Nyaya na transfoma ziondoe saba, zikufikie 43. Ziingize kwenye kiyoyozi chenye uwiano wa tatu, nacho kitabeba sehemu 129 za joto, nyingi kuliko moto ulioanza nao. Ndani ya mnyororo huo mmoja umetumia mizani zote mbili, kila moja mahali pake, na ungezibadilisha nafasi hesabu ingekuwa upuuzi.

Mama alinisimulia pia kwamba jirani yake anatia ubuyu kwenye friza ungali wa moto, akisema unaganda haraka. Nikamkumbuka Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963, aliyeweka mchanganyiko wake wa maziwa ungali wa moto kwa kuogopa kukosa nafasi, nao ukaganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza, na mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne, aliyekuwa mwalimu wa fizikia Dar es Salaam, walichapisha jambo hilo, ambalo wanasayansi wanalibishania mpaka leo. Lakini Mpemba alipima muda. LUKU inapima mzigo. Kilo moja ya maji ya nyuzi 90 ina kilojuli 710 za kuondolewa kabla haijawa barafu. Ya nyuzi 25 ina 439. Hata kama ya moto itatangulia kuganda, uniti zake ni nyingi zaidi.

Siku ile hatukupata nafasi ya haya yote. Fundi alichukua brashi ya rangi iliyokauka, akapangusa mabomba ya nyuma kuanzia juu kushuka chini, manyoya ya pamba yakaanguka kama sufi. Kisha tukaisogeza friza, yeye, binti na mimi, kutoka kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri hadi upande wa mlango wa nyuma, tukaiacha mkono mmoja mbali na ukuta. Mama alikuwa bado na shaka, ila alituletea soda. Tukakaa.

Kompresa ilinguruma mchana kutwa, kama ile ya zamani ilivyozoeleka pale kibandani kwa miezi. Jua lilipokaribia kuzama upande wa ziwa, ikakata. Kibanda kikawa kimya ghafla, mpaka ikasikika redio ya duka la pili. Mama akatoka mbio barazani na ndoo ya ubuyu mkononi.

"Umeme umekwenda?"

Fundi akamwonyesha taa ndogo ya kijani kwenye friza, ikiwaka.

"Upo, mama. Imepumzika."